Bia kama Ujira: Kilevi na Kalamu ya Michezo Tanzania

Tarehe 20 Mei 2016 Rais Magufuli alitengua uteuzi wa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi kwa sababu aliingia bungeni na kujibu swali akiwa amelewa. Wengi tulishangilia, na sioni sababu ya kujutia shangwe ile. Hata hivyo, mjadala wa ulevi kazini uliofuata uliishia kwa viongozi na watumishi wa umma. Haukufika kwenye chumba cha habari, hususan dawati la michezo, ambako kunywa ukiwa kazini kumezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeshangaa.

Maelezo tunayopenda kuyatoa ni ya tabia: mwandishi wa michezo anakunywa kwa sababu hana nidhamu, au kwa sababu soka na bia ni ndugu. Historia inanipeleka kwingine. Kilevi kiliingia katika kazi hii kikiwa ujira, na kitaendelea kuwamo maadamu ujira halisi haulipwi.

Kwetu Mugeta, wilayani Bunda, wazo la pombe kuwa malipo ya kazi halihitaji nadharia. Katika sehemu nyingi za Mara kazi kubwa za shamba zilifanywa kwa ushirika uitwao risaga. Mwenye shamba aliandaa pombe ya mtama au ulezi, majirani walifika alfajiri na majembe yao, na kazi ilipokwisha waliketi kuizunguka. Wapo wanaoikumbuka risaga kama ulevi wa mababu, na hapo hukosea. Pombe ile ilinywewa baada ya jembe kuwekwa chini. Aliyeitoa alijulikana na kila mtu, na msimu uleule zamu ya kuitoa ilikuwa yako. Hakuna aliyebaki mdeni wa kudumu wa mwenzake.

Ubepari uliichukua desturi ya namna hiyo ukaivunja mgongo. Katika mashamba ya mizabibu ya Rasi, Afrika Kusini, vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, mfumo uliojulikana kama dop, na athari zake kwa familia za wafanyakazi hao zinaonekana hadi leo. Uingereza nako waajiri walizoea kulipa mishahara ndani ya vilabu vya pombe, hivyo fedha ikarudi kaunta kabla haijafika nyumbani. Ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 1883 kuipiga marufuku desturi hiyo. Mwaka 1949 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 95 kuhusu ulinzi wa ujira. Mkataba huo, ambao Tanzania imeuridhia, unakataza kulipa ujira kwa vileo vikali, na unakataza kulipia wafanyakazi ujira wao baa, isipokuwa wale walioajiriwa humo.

Sasa tuitazame bia yetu. Kampuni ya Bia Tanzania inahesabu asili yake tangu mwaka 1933. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, Serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa zake. Mwaka 1993 ilibinafsishwa kwa ubia na kampuni ya bia ya Afrika Kusini. Ushindani wa soko ulipokolea, uwanja wa mpira ukawa mahali pa kuuzia chapa. Serengeti ilidhamini Taifa Stars enzi za kocha Marcio Maximo. Kuanzia 2012 ikawa zamu ya Kilimanjaro Premium Lager. Mwaka 2017 Serengeti ikarejea. Kwa miaka kadhaa Simba na Yanga, mahasimu wasiokubaliana hata kuhusu hali ya hewa, walivaa kifuani bia moja. Mwaka 2010 Kilimanjaro Stars ilitwaa Kombe la Chalenji jijini Dar es Salaam, mashindano yakiwa yamebeba jina la Tusker. Msomaji wa kigeni angedhani bia mbili zimekutana fainali.

Fedha hizo zilisaidia wachezaji, na asiyekiri hilo hasemi kweli. Lakini zilimfikia pia mwandishi. Mkutano wa kutangaza udhamini ulikuwa na meza ya vinywaji, na hafla ya tuzo na bonanza la wanahabari havikukosa mdhamini. Katika risaga aliyekunywa alikuwa amelima. Hapa aliyekunywa alikuwa bado hajaandika, na aliyemnunulia alikuwa ndiye habari yenyewe. Tumeandika mengi kuhusu bahasha. Chupa tumeisahau, pengine kwa sababu haihesabiki.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani aliripoti michezo mkoani Mara kwa gazeti ambalo sitalitaja. Hakuwa na mkataba. Alilipwa kwa kila habari iliyochapishwa, na malipo yalichelewa kwa miezi. Nauli ya kutoka Bunda hadi Musoma na kurudi aliitoa mfukoni, na siku nyingine ilizidi thamani ya habari yenyewe. Mlo wake wa siku ya mechi ulikuwa nyama choma na bia alivyonunuliwa na viongozi wa klabu, na hapo hapo ndipo alipopewa habari za usajili. Jioni moja alituma taarifa akiwa amelewa, akakosea jina la mfungaji. Aliondolewa kwa simu, bila kusikilizwa. Kosa lilikuwa lake. Ila najiuliza angesimama mbele ya nani kujitetea, ikiwa kisheria hakuwa mwajiriwa wa mtu yeyote? Mkataba Na. 95 unamlinda mwenye ujira. Huyu hakuwa nao.

Yupo aliyeumia zaidi yake: mwandishi wa kike. Habari zikigawiwa baa saa nne usiku, asiyeweza kuketi pale bila kuandamwa na masengenyo, au na mikono ya watu, hazipati. London jambo hili lilifika mahakamani. Baa ya El Vino katika mtaa wa Fleet Street, makao ya magazeti, ilikataa kuwahudumia wanawake waliosimama kaunta, na mwaka 1982 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba huo ni ubaguzi, kwa kuwa wanahabari walikusanyika pale kubadilishana habari. Majaji walitambua kwamba kaunta ilikuwa sehemu ya kazi. Wahariri wetu wanalijua hilo vizuri na hawalisemi.

Wakati huohuo, mama wa Mugeta anayepika gongo ili alipe ada ya mtoto hukimbizwa na mgambo. Sitetei gongo, inaua. Natazama tu jinsi Dola linavyochagua kilevi cha kukimbiza na kilevi cha kukivalisha jezi ya taifa. Ufaransa iliamua tofauti: sheria ya mwaka 1991 iliondoa matangazo ya pombe katika michezo, na mwaka 1998 nchi hiyo iliandaa Kombe la Dunia na kulitwaa.

Mwaka 2017 Simba na Yanga walivua bia kifuani wakavaa kampuni ya kubashiri matokeo. Nimemuuliza mwanafunzi wangu, ambaye siku hizi anajiandikia mwenyewe, kama hali yake imebadilika. Vinywaji vimepungua, ameniambia. Siku hizi huletewa mkeka.