Kinanda cha Faini

Kamati ya Jubilii ilipotupa sisi wa ofisi ya katibu kazi ya kuandika historia ya kwaya, tulifungua kabati la nyuma ya madhabahu tukakuta madaftari manne. Matatu ni ya kumbukumbu za mikutano. La nne lina jalada jekundu lililoliwa na mende na halina jina, lakini kila mwanakwaya wa zamani analijua. Ni Daftari la Faini.

Majina ya waanzilishi, kanda tulizorekodi na rangi za sare zetu tangu mwanzo yako kwenye kurasa nyingine za kijitabu hiki. Hapa tunataka kueleza hilo daftari jekundu, na ili lieleweke itabidi tupitie kwanza kwenye bendi za dansi. Tunajua kuna wazee watakaokunja uso. Watuvumilie kidogo, maana kwaya hii ilizaliwa katika mitaa ya bendi.

Katika miaka ya 1970 Nairobi ilikuwa soko la muziki la Afrika Mashariki nzima. Santuri ziliuzwa River Road na vichochoro vyake. Bendi zilitoka Lubumbashi zikapitia Dar es Salaam, nyingine zikatoka Tanga zikapitia Arusha, zote zikaja kutua hapa. Wilson na George Kinyonga, ndugu wawili wa Tanga, walifika mwaka 1971 na wakajulikana kwa jina la Simba Wanyika. Baba Gaston Ilunga alifika mwaka 1975 na bendi yake ya Baba National. Wapigaji wa bendi nyingi za namna hiyo walipanga vyumba huku kwetu Eastlands, kwa sababu ndiko kodi ilikolipika.

Mzee wetu wa gita la besi, aliyejiunga nasi mwaka wa pili wa kwaya, alikuwa mmoja wa watu hao kabla ya kuokoka. Jina la kiongozi wake wa zamani hajawahi kulitaja, na sisi hatukumshurutisha. Anasimulia kwamba walikuwa wanaume kumi na mmoja ndani ya gari moja: Ijumaa Nakuru, Jumamosi Eldoret, Jumapili Kakamega, wakilala juu ya spika. Mshahara haukuwa na tarehe. Kiongozi alitembea na kijitabu mfukoni. Uzi wa gita ukikatika, umelipa. Ukichelewa jukwaani, umelipa. Ukionekana unazungumza na mwenye baa bila ruhusa, umelipa mara mbili. Mwisho wa mwezi wengine walikuta wao ndio wanaodaiwa na bendi waliyoifanyia kazi.

"Kwa nini hukuondoka, mzee?" tulimwuliza.

Akacheka. "Niondoke na nini, wanangu? Gita lilikuwa lake."

Jibu hilo linaeleza mambo mengi. Magita ya umeme, spika na dramsi vilikuwa ghali mno kwa mpigaji wa kawaida. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi, na mwenye bendi ndiye aliyepatana na baa na studio, akapokea fedha kwanza. Wenzetu wa Tanzania walijaribu njia nyingine: NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wa mshahara. Hapa Nairobi kila mtu alikuwa na bahati yake. Mgeni kutoka Zaire au Tanzania aliongezewa mzigo wa kibali cha kazi.

Ndiyo sababu ukisoma habari za bendi hizo utaona kwamba watu waliondoka kwa kundi. Mtu mmoja akiondoka ni mtoro. Sita wakiondoka ni bendi. Kule Leopoldville, mwaka 1963, Tabu Ley na Dr Nico walimwacha Joseph Kabasele pamoja na wenzao wakaunda African Fiesta, na ugomvi ulihusu fedha. Hapa kwetu, mwaka 1976, kundi la wapigaji wa Baba Gaston lilitoka pamoja likawa Les Mangelepa. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Simba Wanyika: Omar Shabani wa gita la rithimu, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa dramsi walitoka, wakaanzisha Les Wanyika. Fikiria bendi imeamka asubuhi haina rithimu, haina besi, haina dramsi. Les Wanyika wakampata John Ngereza, wakatoa "Sina Makosa", na hadi leo wimbo huo ukilia kwenye matatu ya Buruburu abiria wote wanaimba, waliookoka wakiimba kimoyomoyo. Nao ndugu wa Kinyonga hawakufa moyo. Walitafuta wapigaji wapya, wakaendelea mpaka miaka ya 1990.

Bendi ziligawanyika kwa sababu nyingi, na ukali wa kiongozi ni moja tu. Ukitaka kuuona ukali wenyewe, mfano unaojulikana dunia nzima ni James Brown wa Marekani. Huyo aliwatoza wapigaji wake faini kwa noti iliyokosewa, kwa kiatu kisichong'aa na kwa kuchelewa. Alikuwa akicheza mbele ya watu, kumbe vile vidole anavyoinua ni hesabu ya faini ya mtu aliye nyuma yake. Mwezi wa Machi 1970 karibu bendi yote ilimgomea, akaleta vijana kutoka Cincinnati kuziba nafasi. Maceo Parker, mpiga saksafoni, alikuwa miongoni mwa walioondoka. Hata hivyo, mwaka 1973 Maceo alirudi, na tamasha kubwa la Kinshasa lilipofanyika mwaka 1974 alikuwa jukwaani nyuma ya bwana yule yule. Mpaka leo tunaulizana alirudi kwa nini. Mzee wetu wa besi haoni swali hapo. Anasema bendi ikipigwa sawasawa, mtu husahau faini mpaka wimbo uishe.

Sasa turudi kwenye daftari jekundu.

Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa mtu wa saa. Mazoezi ya saa kumi na moja yalianza saa kumi na moja, na mlango ulifungwa kwa komeo. Kuchelewa, shilingi 20. Kutafuna chingamu, 10. Kiatu kisichopakwa rangi, 10. Kuangalia watu badala ya kumwangalia yeye, 20. Kwa wanafunzi na wafanyakazi wa nyumbani, na ndio tuliokuwa wengi, hiyo ilikuwa nauli ya wiki. Alikuwa na masikio ya ajabu. Angesimamisha wimbo wa sauti arobaini, aende moja kwa moja hadi kwa mtu wa tatu mstari wa nyuma, amwambie, "Wewe." Wengine walilia. Sisi tuliosomea ualimu baadaye tulifundishwa chuoni kwamba mwanafunzi haaibishwi mbele ya wenzake, na tulipofundishwa hivyo tulijua tunayemfikiria.

Lakini ni yeye aliyetufundisha solfa, watu ambao hatukujua do wala re, hata leo tunaweza kupewa wimbo Ijumaa tukauimba Jumapili. Hilo hatuwezi kumnyima.

Safari ya Kisumu ndiyo iliyovunja kwaya. Tulikuwa tunakwenda kwenye tamasha, basi likasimama Nakuru watu wanywe chai. Mwalimu akasema dakika ishirini. Dada yetu mmoja wa alto alikuwa bado kwenye foleni ya choo. Dakika ishirini zilipoisha mwalimu alimwambia dereva aondoke, na dereva akaondoka. Begi la yule dada lilikuwa chini ya kiti, na pochi yake ndani ya begi. Tulimwona kupitia dirisha la nyuma akikimbia na sare yake. Ndani ya basi tulikuwa watu thelathini na saba. Hakuna aliyesimama. Tulifika Kisumu, tukaimba, tukawa wa pili, tukapiga picha na kikombe. Picha hiyo imechapishwa katika kijitabu hiki. Ukihesabu mstari wa alto utaona pengo. Dada yule alirudi Nairobi kwa msaada wa mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi stendi.

Ndani ya mwezi mmoja watu kumi na mmoja waliondoka, karibu alto wote. Krismasi ile tuliimba sauti tatu. Kumbukumbu za mikutano zinasema tu kwamba "baadhi ya wanakwaya walihamia makanisa mengine." Sivyo. Waliondoka kwa sababu sisi tulinyamaza.

Kuna jambo moja ambalo hata sisi hatukulijua mpaka tulipolinganisha daftari jekundu na vitabu vya mweka hazina. Kinanda chetu cha kwanza, kile kilichonunuliwa Luthuli Avenue na ambacho watoto wa Shule ya Jumapili wanakitumia hadi leo, wengi tunaamini kilipatikana kwa harambee. Harambee ililipa sehemu tu. Zaidi ya nusu ya bei ilitoka kwenye faini. Tulipojumlisha jina kwa jina, waliotoa nyingi zaidi ni wale wale kumi na mmoja, kwa kuwa wengi wao walitoka kazini Industrial Area kwa miguu na hawakuwahi kufika saa kumi na moja. Mzee wetu wa besi aliondoka kwenye bendi bila gita kwa sababu gita lilikuwa la kiongozi. Hawa waliondoka wakatuachia kinanda walichokinunua wao.

Kamati ilikubali tuandike barua kumi na moja. Tulieleza habari za kinanda na habari za basi, tukaomba msamaha kwa yote mawili. Saba wamejibu kwamba watakuja. Mmoja amelala katika makaburi ya Lang'ata, na binti yake atakuja kwa niaba yake. Wawili hatujawapata. Dada wa Nakuru alijibu kwa simu, maneno machache: atakuja, atakaa kwa washirika, kuimba hataimba. Kiti chake kitawekwa karibu na mlango, kama alivyoomba.

Mwalimu naye tulimwandikia. Ni mzee sasa, anatembea na fimbo. Amekubali kuongoza wimbo wa tatu, ule wa Kisumu, na ameuliza kama alto watakuwepo. Tulimjibu kwamba watakuwepo sita, pamoja na binti wa marehemu. Ameagiza mazoezi Jumamosi saa kumi na moja kamili jioni. Mlango tutauacha wazi.