Kuhariri faili za XML za shehena kwa programu ya bure

Wafanyabiashara na mawakala wa forodha wa mipakani hupokea mara kwa mara faili zenye mwisho wa .xml. Mfumo wa forodha wa ASYCUDA World, uliotengenezwa na UNCTAD na kujulikana kwa Kifaransa kama SYDONIA, huweza kutoa na kupokea matamko ya mizigo katika faili za namna hiyo. Mfumo huo unatumika Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kosa la herufi moja katika faili hiyo linatosha kufanya mfumo uikatae. Lori husubiri mpakani, na gharama za maegesho na za dereva huendelea kuhesabiwa.

XML ni nini?

XML ni namna ya kuandika taarifa kwa mpangilio ambao kompyuta tofauti zinaweza kuusoma. Shirika la viwango vya mtandao, W3C, liliidhinisha toleo lake la kwanza tarehe 10 Februari 1998. Kila taarifa huwekwa kati ya lebo mbili, ya kufungua na ya kufunga. Mfano:

<shehena>
  <bidhaa>
    <msimbo>090111</msimbo>
    <uzito>28000</uzito>
  </bidhaa>
</shehena>

Kanuni zake ni chache lakini hazina msamaha. Kila lebo iliyofunguliwa lazima ifungwe. Lebo ya ndani hufungwa kabla ya ile ya nje. Herufi kubwa na ndogo hazilingani, hivyo <Uzito> na <uzito> ni lebo mbili tofauti. Faili nzima huwa ndani ya lebo kuu moja tu.

Programu ya kutumia

XML Notepad ya Microsoft hupatikana bure kwenye intaneti na hufanya kazi kwenye Windows. Wenye Linux wanaweza kutumia XML Copy Editor, ambayo nayo ni ya bure.

Ubora wa XML Notepad ni kwamba mtumiaji halazimiki kuandika lebo kwa mkono. Faili huonekana kama mti: upande wa kushoto ni matawi yenye majina ya lebo, upande wa kulia ni thamani zake. Chini kuna orodha ya makosa.

Hatua za kufuata

1. Tengeneza nakala ya faili na ufanye kazi kwenye nakala hiyo. Faili halisi ihifadhiwe bila kuguswa.

2. Fungua nakala ndani ya programu. Ikikataa kufunguka, soma ujumbe wa kosa: kwa kawaida hutaja mstari wenye tatizo. Mstari huo hurekebishwa kwanza kwa programu ya kawaida ya maandishi.

3. Tafuta tawi linalohusika, kwa mfano bidhaa ya tatu, kisha badilisha thamani iliyo upande wa kulia. Ikiwa bidhaa mpya inafanana na iliyopo, nakili tawi zima na ubadilishe thamani zake.

4. Omba kwa wakala au ofisi husika faili ya skima, yenye mwisho wa .xsd, na uiunganishe na programu. Skima hueleza taarifa zipi ni za lazima na ziandikwe vipi. Programu itaonyesha makosa kabla faili haijatumwa.

5. Linganisha nakala na faili halisi. Programu ina sehemu ya kulinganisha faili mbili na kuonyesha tofauti. Hapo hubainika kama kuna kitu kilichobadilishwa bila kukusudia.

Makosa yanayojirudia

Sifuri ya mwanzo. Misimbo ya samaki huanza na 03, ya maharage makavu 07, ya kahawa na chai 09. Excel ikiichukulia misimbo hiyo kuwa namba, hufuta sifuri: 090111 hubaki 90111, ambao si msimbo wa kahawa tena. XML Notepad huacha thamani kama ilivyoandikwa.

Mkato badala ya nukta. Ankara kutoka Kongo na Burundi mara nyingi hufuata uandishi wa Kifaransa, ambapo kilo 12 na nusu ni 12,5. Skima inayotaka namba ya desimali hukubali 12.5 pekee.

Tarehe. Aina ya kawaida ya tarehe katika skima huanza na mwaka: tarehe 5 Machi 2024 huandikwa 2024-03-05.

Alama ya "&". Katika jina la kampuni, alama hii ikiandikwa yenyewe kwa mkono huvunja faili; inapaswa kuwa &amp;. Ikiandikwa upande wa kulia wa XML Notepad, programu huigeuza yenyewe.

Tahadhari

Faili kupita bila kosa hakuna maana kwamba taarifa zake ni za kweli. Programu haiwezi kujua kama lori limebeba tani 28 au 30. Uzito, thamani na idadi lazima vilingane na ankara na orodha ya mzigo.

Vilevile, kuhariri kunafaa kwa rasimu tu. Tamko lililokwisha kupokelewa hurekebishwa kwa kuomba forodha, si kwa kubadilisha nakala iliyo mkononi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inahesabu tamko la uongo kuwa kosa. Mfanyabiashara anayemwachia wakala kazi yote anashauriwa kuomba nakala ya faili na kuipitia mwenyewe kabla lori halijaondoka.