Jasho la Tuta

Mtungi wa udongo ukiwekwa kivulini hutoka jasho. Maji hupenya taratibu kwenye vinyweleo vyake, hufika nje, upepo huyakausha, na yaliyobaki ndani hupoa. Hakuna anayeutupa mtungi kwa sababu umelowa ubavu. Lakini mtungi huohuo ukipata ufa, mwenye nyumba haulizi mara mbili. Lugha yetu imekwisha kuzitenga hali hizo: huu unatoka jasho, ule unavuja.

Tuta la bwawa la udongo ni mtungi mkubwa, na wanaolitunza wanahitaji utengano huohuo wa maneno. Hapo ndipo istilahi zetu zinapolegea. Unyevu wowote ukionekana upande wa chini wa tuta huandikwa “uvujaji”, na neno hilo moja hubeba jambo la kawaida pamoja na jambo la kuua.

Nianze na neno bwawa lenyewe, maana nalo lina sura mbili. Kwa msemaji wa kawaida bwawa ni maji yaliyokusanywa, na pia ni kizuizi kinachoyashika. Wafugaji wa Tanzania wana malambo. Sehemu za Kenya watu husema silanga. Mimi nitasema tuta kwa kile kilima cha udongo ulioshindiliwa, kwa kuwa ndicho kinachochakaa. Maji hayazeeki.

Sasa, tuta la udongo hupitisha maji daima. Hata likijengwa kwa udongo mzuri wa mfinyanzi na kushindiliwa vizuri, maji ya upande wa juu yatatafuta njia kati ya chembe, na baada ya miezi au miaka yatatokeza chini yakiwa machache na safi. Jina lake liwe upenyaji, au kwa mlinzi wa bwawa, jasho la tuta. Jambo la kupima ni kiasi chake: je, kimeongezeka ilhali kina cha bwawa ni kilekile?

Jambo la pili ni tofauti kabisa. Pale maji yanapotokezea, yakiwa na nguvu ya kutosha, huanza kuondoka na chembe za udongo. Chembe ya kwanza ikitoka, nyuma yake hubaki tundu dogo. Tundu hilo huvuta maji zaidi, kwa kuwa sasa njia imekuwa fupi na nyepesi, na maji hayo hutoka na chembe nyingine. Tundu hurefuka kuelekea yalikotoka maji, likirudi nyuma ndani ya tuta bila mtu kuliona, mpaka siku linapolifikia bwawa lenyewe. Kuanzia hapo kinachohesabiwa ni saa.

Wahandisi wetu huiita hali hii paipingi, wakifuata Kiingereza, ambako neno limetokana na bomba. Anayetaka kutafsiri kwa haraka ataandika “ubombaji”. Naipinga tafsiri hiyo. Bomba kwa Kiswahili ni kitu kilichowekwa na mtu kwa makusudi, na chini ya matuta mengi ya zamani lipo bomba la kweli, la kutolea maji ya kunywa au ya kumwagilia. Mlinzi akipiga simu usiku kusema “kuna bomba linatoa maji chini ya tuta”, mhandisi ataelewa nini?

Naona tuseme mmomonyoko wa ndani kwa jina la jumla. Wakulima wanaujua mmomonyoko. Wameuona kwenye mashamba ya mteremko. Neno “wa ndani” linawaambia kwamba jambo hilohilo linatokea mahali wasipopaona. Na kwa ile aina inayoanzia kwenye tokeo na kurudi, naomba tulikaribishe neno kinyumenyume: mmomonyoko wa kinyumenyume. Ndivyo unavyotembea.

Bomba nalo lina sehemu yake katika habari hii. Huko Colorado, Marekani, bwawa la Lawn Lake lilikuwa na tuta la udongo la kimo cha mita 8 hivi, lililojengwa mwaka 1903 kwa ajili ya kumwagilia mashamba. Lilisimama miaka 79. Ndani yake lilipita bomba la kutolea maji, na kiungo kati ya bomba hilo na vali kilikuwa kimezibwa kwa madini ya risasi. Kizibo kikachakaa, maji yakaanza kutoka penye kiungo na kuula udongo uliolizunguka bomba. Alfajiri ya Julai 15, 1982, tuta likakatika. Maji yaliteremka bondeni, yakaliangusha na bwawa dogo la zege la Cascade lililokuwa njiani, yakaingia katika mji wa Estes Park. Watu 3 waliokuwa kambini bondeni walikufa. Aliyepiga simu ya kwanza ya dharura alikuwa mzoa taka aliyeusikia mngurumo akiwa kazini.

Habari hii inanigusa kwa sababu ya umri wa tuta lenyewe. Miaka 79 ya kusimama ingeweza kuonekana kama ushahidi wa uimara. Lakini umri wa tuta ni pia umri wa chuma kilichomo ndani yake, wa viungo vyake, wa mizizi ya miti iliyoachwa ikaota ubavuni. Mti ukikauka mzizi huoza, na mahali pake hubaki mfereji mwembamba. Panya, fuko na mchwa huchimba mashimo yao. Udongo hutulia na kuacha nyufa. Yote haya ni milango.

Nirudi kwenye neno kuvuja, maana lina hatari ambayo naona haijasemwa vya kutosha. Kwa Kiswahili kinachovuja huzibwa. Paa huzibwa, mtumbwi hukalafatiwa, ndoo hutiwa lami. Kwa hiyo kijiji kikiambiwa tuta linavuja, vijana watachukua majembe na kwenda kushindilia mfinyanzi juu ya tundu upande wa chini. Wanafanya kwa moyo mwema, nao wanaliongezea tuta hatari. Maji yaliyonyimwa njia huongeza shinikizo ndani ya udongo, kisha hutokeza mahali pengine kwa nguvu kubwa zaidi. Dawa ni kuyaacha maji yatoke huku chembe zikizuiwa: unamwaga mchanga safi mahali pale, juu yake kokoto, juu yake mawe, kisha unateremsha kina cha bwawa. Hilo ni chujio. Ukisema kuvuja umeagiza kizibo. Ukisema mmomonyoko umeagiza kuushika udongo.

Kanuni za chujio, yaani mchanga uwe mkubwa kiasi gani ili upitishe maji na mdogo kiasi gani ili uzuie udongo, zilianza kuwekwa na Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague aliyeasisi mekanika ya udongo. Mtu huyo ana uhusiano na kwetu. Mwaka 1958 alichapisha makala juu ya bwawa la Sasumua, Kinangop Kusini, lililojengwa kuipatia Nairobi maji. Mfinyanzi wa pale ulitoa majibu ya ajabu maabara, kiasi kwamba kwa vipimo vya kawaida ungetiliwa shaka. Terzaghi alieleza kuwa chembe zake ndogo zimeshikana katika vidonge, na vidonge hivyo ndivyo vinavyoupa nguvu. Tuta hilo bado linaihudumia Nairobi.

Chujio huwekwa wakati wa kujenga. Matuta mengi madogo ya zamani hayakuwekewa, na ndiyo yaliyo juu ya makazi ya watu. Wakazi wa Solai, katika kaunti ya Nakuru, wanajua maana ya kukaa chini ya tuta la udongo: usiku wa Mei 9, 2018 lilipasuka moja na kuua watu zaidi ya 40. Hakuna haja ya kuwafundisha woga. Wanachostahili ni maneno ya kukitaja mapema wanachokiona.

Na kinachoonekana mapema kipo. Juni 3, 1976, chini ya bwawa jipya la Teton, jimbo la Idaho, zilionekana chemchemi ndogo za maji safi. Asubuhi ya Juni 5 yalionekana maji ya tope. Kabla ya saa sita mchana tuta la kimo cha mita 93 lilikuwa limekatika, na watu 11 walikufa. Kati ya safi na tope zilipita siku mbili tu.

Kwa hiyo katika daftari la mlinzi wa bwawa ningefuta safu iliyoandikwa “uvujaji: ndiyo au hapana”, niweke mbili. Ya kwanza: jasho, lita ngapi kwa dakika. Ya pili: rangi. Kando ya daftari iwepo chupa nyeupe ya kioo. Kila wiki ijazwe pale maji yanapotokezea, iandikwe tarehe, isimamishwe dirishani hadi kesho yake, kisha mlinzi ainame atazame kitakoni mwa chupa kama kuna udongo uliotua.