Neno "Grog": Amri, Lakabu na Waliosahaulika katika Msamiati wa Ulevi wa Kiingereza

Sehemu hii inadai kwamba neno la kawaida la ulevi linaweza kuhifadhi kumbukumbu ya amri ya dola huku likificha jasho la waliozalisha kinywaji chenyewe. Mfano ni neno la Kiingereza "grog". Mnamo Agosti 1740, Admirali Edward Vernon, aliyeongoza manowari za Uingereza katika eneo la Karibi, aliamuru kwamba ramu ya mabaharia, nusu painti kwa kila mtu kwa siku, ichanganywe na painti mbili za maji na igawiwe mara mbili. Alikusudia kupunguza ulevi uliovuruga nidhamu. Kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, mabaharia walikuwa wamempa lakabu ya "Old Grog" kutokana na joho lake la kitambaa kizito kiitwacho "grogram". Lakabu hiyo ikahamia kwenye kinywaji. Baadaye likazuka neno "groggy", lililomaanisha aliyelewa, kisha yeyote anayeyumba kwa usingizi, ugonjwa au kipigo.

Hata hivyo, ramu ya Karibi ilitokana na miwa iliyolimwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Msamiati ulimhifadhi kamanda kupitia vazi lake. Wakulima hao haukuwaachia alama yoyote. Mgao wa ramu ulifutwa tarehe 31 Julai 1970, ilhali "groggy" lingali linatumika. Kwa hiyo, etimolojia pekee haimtoshi mwanahistoria: sharti aulize pia ni nani aliyeachwa nje ya neno.