Viraka vya Land Rover

Sakafu ya miguuni kwa abiria, kwenye Land Rover pikapu ya marehemu baba, haikutoka kiwandani. Ni kipande cha pipa la lita 200 kilichokatwa kwa tindo, kikanyooshwa kwa nyundo juu ya reli, kikachomelewa kwa gesi. Ukilala chini ya gari na kumulika tochi utaona rangi ya njano na herufi tatu, AGI, mabaki ya jina la Agip. Mpwa wangu, ambaye siku hizi ndiye mwenye mikono na macho ya kazi hii, anataka tukitoe na kuagiza bamba jipya kutoka Uingereza, lililokunjwa sawasawa na lile la mwaka 1966. Nimemkatalia. Ananiona mbishi tu.

Ubishi wangu una sababu. Gari hili lina historia mbili, naye ameisoma moja.

Hiyo aliyoisoma ni ya kiwandani, na ni nzuri kweli. Kampuni ya Rover ilipoionesha Land Rover kwa mara ya kwanza, kwenye maonesho ya magari ya Amsterdam Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini haina chuma cha kutosha. Chuma kilitoka kwa mgao, na waliopendelewa ni wenye viwanda waliouza bidhaa nje. Aluminiamu ilipatikana kwa urahisi zaidi, maana viwanda vya ndege za kivita vilikuwa vimepungukiwa na kazi. Maurice Wilks na wenzake wakaichukua aluminiamu hiyo wakaivisha juu ya chasisi ya chuma, iliyoundwa kwa mabamba yaliyochomelewa pamoja yakawa boksi. Bodi wakaiacha bapa, bila mapindo mengi, wapate kukwepa gharama ya mashine kubwa za kukandamiza mabati. Gari ambalo huku kwetu lilikuja kuwa la DC, la padri na la bwana shamba lilianza kama ujanja wa watu waliopungukiwa.

Ujanja huo una madhara yake. Aluminiamu hailiwi na kutu kama chuma, lakini ikigusana na chuma penye unyevu huoza taratibu na kutoa unga mweupe. Masika ya kwetu Marangu, Kilimanjaro, yanatosha kabisa kwa kazi hiyo. Tena ukuta unaotenganisha injini na dereva, pamoja na sakafu ya miguuni, ni wa chuma, na hapo ndipo matope yanapojikusanya. Ndiyo maana Land Rover ya zamani ukiitazama kwa mbali ni nzima, ukipanda unaiona barabara chini ya viatu vyako. Fundi mwenye mashine ya kawaida ya kuchomelea hawezi kuiunga aluminiamu. Inayeyuka na kutoboka mbele ya macho yake. Kwa hiyo viraka vya bodi vilifungwa kwa ribiti, na mlango uliopondeka pasipo matumaini uliuzwa kwa wanaosubu sufuria. Sina shaka kuna majiko Uchagani ambako wali umepikwa miaka mingi ndani ya mlango wa Land Rover.

Ya baba ni Series IIA, ile inayoitwa 109 kwa sababu ya inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Taa zake kubwa bado ziko katikati, karibu na rejeta. Zilihamia kwenye matigadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Injini ni ya petroli, silinda nne, cc 2,286, na bampa ya mbele ina tundu la kupitishia hendeli, ili betri ikifa uizungushe injini kwa mkono. Hadi mwaka 1976 ilikuwa mali ya misheni.

Mwaka huo ulikuwa wa ajabu kwa wakulima wa kahawa. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni Brazil, bei ya kahawa duniani ikaanza kupanda, na ilikuja kufika kileleni 1977. Lakini Mei 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwemo, iliyokuwapo tangu 1933. Baba alikuwa karani wa chama cha msingi. Katika msimu mmoja alipata fedha nzuri ya kahawa yake, hata baada ya makato, na akapoteza kazi. Misheni ilikuwa inauza pikapu. Akainunua ili ateremshe ndizi kutoka vihambani hadi soko la Himo. Ndizi zikishuka abiria walipanda, na siku za shida ikawa gari la wagonjwa na la maiti.

Hakuwa amemaliza mwaka nayo. Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inasambaratika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Spea zote zilibaki upande wa pili.

Historia ya pili, ile ambayo mpwa wangu hawezi kuiagiza kutoka Uingereza, inaanzia hapo.

Kutoka kwetu hadi Taveta ni karibu mno kwa mpaka kufungwa kikweli. Usiku watu walivuka kwa miguu, kwa njia za panya za Holili, Rongai na Tarakea, wakipeleka kahawa na kurudi na sabuni, khanga, mafuta ya kupikia, na wakati mwingine kabureta iliyozikwa ndani ya debe la mahindi. Spea hizo zilitoka Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wanaendelea kuiita Grogan kwa jina lake la kikoloni. Beringi moja ilipita mikono mingi kabla ya kufika Marangu, na kila mkono ulikula chake. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Hakuuliza vitu vilipita njia gani. Mama aliuliza, akajibiwa kwamba ndizi haziteremki zenyewe.

Vita vya Kagera vilipoanza mwishoni mwa 1978, malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na shehena. Pikapu yetu iliachwa. Siku waliyokuja kuitazama ilikuwa juu ya mawe, haina giaboksi. Baba aliapa maisha yake yote kwamba ilitokea tu.

Kisha petroli ikawa adimu zaidi, na ikawa Jumapili kuanzia saa nane mchana magari binafsi hayaruhusiwi barabarani. Nimesoma mengi kuhusu miaka ile, foleni za maduka ya RTC na msako wa wahujumu uchumi wa 1983, lakini sijaona mtu aliyeandika kwamba amri ile ya Jumapili ndiyo iliyoihamishia gereji nyumbani. Gari lililofanya kazi siku sita lilipata alasiri moja ya kusimama kwa lazima, na wanaume nao walikuwa nyumbani, wamekwisha kusali na kula. Chini ya mparachichi wetu walifika wangali na mashati ya ibada, wakayavua na kuyatundika kwenye tawi. Mimi na dada zangu tuliosha vyuma kwa mafuta ya taa yaliyotumika hadi yakawa meusi, kisha tukavipanga juu ya jani la mgomba kwa mfuatano uleule vilivyotolewa. Ole wako kuku apite juu ya jani.

Hapo chini ya mti niliona mambo ambayo hayamo katika kitabu cha kiwanda. Tanki la petroli, ambalo kwenye gari hili liko chini ya kiti, likivuja lilisuguliwa kipande cha sabuni ya mche hadi tone likakoma. Sabuni yenyewe ilikuwa ya kupangia foleni, kwa hiyo mama alikuwa na usemi katika suala hilo. Gasketi zilikatwa kutoka katoni, kwa kuiweka katoni juu ya chuma na kuigonga kwa nyundo ndogo hadi ukingo ukajichora wenyewe. Springi ya nyuma iliyovunjika ilipata chuma cha lori la Bedford, kikafupishwa kwa moto. Ndicho kinachofanya gari liiname upande wa kulia hadi leo. Na walikuwapo wauzaji waliojaza ndizi mbivu kwenye difu ili isilie mbele ya mnunuzi. Kilimanjaro ndizi hazikuwa shida.

Ugonjwa mkubwa wa 109 za wakati ule ulikuwa shafti za ekseli ya nyuma. Ukipakia kupita kiasi, ukaachia klachi ghafla mlimani, shafti inakatika kwa mlio unaosikika kijiji cha pili. Uzuri ni kwamba uzito wa gari haukai juu ya shafti hiyo. Gurudumu linabaki mahali pake, dereva anabonyeza kitasa cha njano, magurudumu ya mbele yanashika kazi, na gari linarudi nyumbani likivutwa badala ya kusukumwa. Kisha unafungua boliti za kitovu na kuichomoa shafti bila hata kupiga jeki. Kipande kilichobaki ndani ya difu ndicho kinachomtoa fundi jasho. Baba alitembea na shafti ya akiba chini ya godoro la kiti, kama wengine wanavyotembea na Biblia.

Fundi wetu alikuwa kijana wa Himo. Sasa ni mzee mwenye fimbo, na mpwa wangu humleta kwa bodaboda akae kwenye kigoda na kuelekeza. Alianza kama spanaboi katika gereji ya Kalasinga mmoja mjini Moshi. Kizazi cha mafundi Waafrika kabla yake kilikuwa kimejifunzia jeshini, wakati wa Vita Kuu ya Pili, walikoendesha na kutengeneza malori ya Mwingereza. Yeye alijifunza kwa kushika taa na kutukanwa. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba, Wahindi wengi wakaanza kuondoka, na tajiri wake alipoondoka alimwachia sanduku la spana za vipimo vya inchi. Sanduku hilo lilimlisha kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa wamezitoa wapi, zikaja Toyota na Datsun, magari ya boliti za milimita. Ilibidi aanze kununua spana upya, moja moja, kama mwanafunzi.

Baba naye aliyumba. Alinunua Toyota iliyotumika, na Land Rover ikaegeshwa chini ya mparachichi, ikawa mahali pa kuku kutagia.

Sasa tunaifufua, polepole, kadiri pensheni yangu ya ualimu inavyoruhusu. Kuna mambo tusiyobishania. Mabomba na silinda za breki ni mpya zote. Nyaya za umeme pia, na katika kuzitoa tulisoma jambo: gari la 1966 lilitoka kiwandani upande chanya wa betri ukiwa umefungwa kwenye bodi, lakini letu lilikuwa limegeuzwa, kwa sababu baba alitaka redio ya kaseti. Waya mwekundu wa redio hiyo bado ulikuwapo, umefungwa kwa plasta ya hospitali.

Ugomvi uko kwenye mwonekano. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, ikiiwania rekodi ya Guinness iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018 kwa msafara wa magari 632. Nilikwenda kutazama. Mengi yalikuwa yamesuguliwa msasa na kupigwa rangi hadi yakang'aa kuliko yalivyotoka kiwandani Solihull, na mpwa wangu alirudi akiwa na kiu hiyo. Mimi nilisimama muda mrefu mbele ya pikapu yenye mlango wa mbao ya mninga, iliyopigwa randa vizuri na kuwekewa kitasa cha kabati. Ukiung'oa ule wa mbao ukaweka mpya wa aluminiamu, gari linarudi 1966, na miaka yote iliyofuata inafutika. Hakuna ofisi iliyoweka kumbukumbu za jinsi watu walivyovuka miaka ya 1977 hadi 1984 wakiwa na gari. Zimo kwenye viraka.

Nilidhani yule fundi mzee atakuwa upande wangu. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba kipande cha pipa lazima kibaki, kwa heshima ya kazi yake. Akakasirika.

"Binti yangu, kile nilikiweka kwa kukosa. Bati sikuwa nalo, gesi ilikuwa inaishia. Leo watu waje wakione waseme huyu fundi hakujua kazi?"

"Watasema ulijua, mzee, maana kimekaa miaka arobaini."

"Watasema ni pipa."

Hoja yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotaka. Ninachokiita mimi historia, kwake ni kazi aliyoifanya mikono yake ikiwa imefungwa, na hakuna fundi anayependa kukumbukwa kwa hiyo. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwisho alikubali kipande kibaki kwa sharti moja, aruhusiwe kuurudia ukingo wa kushoto, ule uliochomelewa mtungi ukiwa unakata. Ameurudia. Mikono inamtetemeka, kwa hiyo mpwa alishika mpini wa gesi naye akaushika mkono wa mpwa.

Kilichobaki ni mnyororo wa taimingi, uliolegea hadi unagonga kifuniko. Tumeuagiza Grogan, na safari hii unapita kwenye kituo cha pamoja cha forodha cha Holili na Taveta, kilichofunguliwa 2016, ukiwa na risiti na fomu zake. Mzee ameitazama hesabu ya ushuru na nauli, akaniuliza kama nina hakika ile njia ya Rongai imefungwa.