Ushoroba wa Bujingijila
Ukanda mwembamba wa msitu mkoani Mbeya, kati ya Mlima Rungwe na misitu ya Livingstone iliyo katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Ukataji miti umeuchakaza. Anayeumia zaidi ni kipunji, kima aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003, ingawa Wanyakyusa walikwishamjua. Hushuka ardhini kwa nadra, hivyo hata shamba dogo la viazi humkatia njia. Kitulo ilitangazwa hifadhi mwaka 2005 na Rungwe 2009, lakini mipaka pekee haiunganishi matawi. Inabidi kupanda miti ya asili, si mikaratusi. Kipunji wa Ndundulu, mkoani Iringa, wako mbali mno kufikiwa na ushoroba wowote.