Programu Iliyorithi Swali la 1892

Bembea iliyoachwa itatulia tu. Kila inapokwenda na kurudi nishati yake hupungua, na hakuna haja ya kuikokotoa safari yake nzima ili kulijua hilo. Mwaka 1892 Aleksandr Lyapunov, mwanahisabati wa Kirusi aliyefundisha Kharkiv, alionyesha kwamba hoja hiyo inafaa kwa mfumo wowote: ukiupatia kipimo kilicho juu ya sifuri kila mahali isipokuwa kwenye utulivu, kikawa kinashuka muda wote, basi umethibitisha kwamba utatulia. Namna ya kukipata kipimo chenyewe kwa kila mfumo hakuiacha.

Kwa mifumo ambayo ukizidisha msukumo mara mbili na matokeo huzidi mara mbili, kukipata si kazi. Mkono wa roboti hauna adabu hiyo, wala ndege inayopinda kwa kasi. Huko mara nyingi watu walibahatisha kwa kalamu.

Wengi wakageukia uigaji. Miaka ya 1970, huko Lund, Sweden, Hilding Elmqvist aliunda Simnon: mhandisi anaandika milinganyo, kompyuta inamchorea mwendo wa mfumo. Kilikuwa chombo cha thamani kubwa. Ila kila mchoro ulieleza mwanzo mmoja tu, na michoro elfu iliyotulia haitoi dhamana kwa ule unaofuata.

Dhamana ilikuja mwaka 2000, katika tasnifu ya Pablo Parrilo huko Caltech, Marekani. Kitu chochote kikizidishwa kwa chenyewe hakiwi hasi. Kwa hiyo polinomia ikiandikika kama jumla ya vipande vya namna hiyo, haishuki chini ya sifuri, na hilo ndilo kipimo cha Lyapunov kinalodai. Kuvitafuta vipande hivyo ni kazi ambayo kompyuta huimudu. Naum Shor wa Kyiv alikwishaigusia njia hii mwaka 1987, na anastahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa. Mwaka 2002 ikatoka SOSTOOLS, programu ya bure inayofanya kazi hiyo ndani ya MATLAB, programu ya hesabu.

SOSTOOLS isipopata kipimo, haina maana kwamba mfumo ni hatari. Mwaka 1888 mwanahisabati Hilbert alionyesha kuwa zipo polinomia zisizokuwa hasi kamwe na bado hazigawanyiki hivyo. Halafu kuna ukubwa: kwa vigeu 10, polinomia ya digrii ya 4 hudai jedwali la safu 66, ya digrii ya 8, safu 1,001.